Kofia za Chuma za Dresa

Kila aliyewahi kushonwa jeraha na mzee yule alimwita Dresa, na sioni sababu ya kumbadilishia jina kwa kuwa tu amekufa. Alistaafu zamani udresa, ile kazi ya kusafisha na kufunga vidonda, zahanati zikapata wauguzi wenye vyeti na makoti yaliyopigwa pasi, lakini jina lilimganda kama plasta kwenye nywele. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono misafi kupita kiasi. Sebuleni kwake Kibeta, hapa Bukoba, pale ambapo Walutheri wenzake hutundika picha za harusi na kalenda ya dayosisi, yeye alitundika kofia za chuma za askari wa vita vya Kagera. Siku moja akiwa jikoni nilizihesabu, nikapata ishirini na tatu. Nyingi zilibandikwa kipande cha plasta pembeni, na juu ya plasta jina la mtu kwa kalamu ya bluu. Chache hazikuwa na jina, na hizo alizigeuza zikatazama ukuta. Leo zote zimo katika magunia mawili stoo kwa mpwa wake, na mpwa wake hajui azipeleke wapi.

Kofia moja haikupata kutundikwa. Hiyo imezikwa kwetu Muleba, katikati ya migomba, chini ya msalaba wa saruji wenye jina la baba yangu. Baba alikwenda vitani nikiwa mchanga wa miezi mitatu. Hakurudi, na mwili wake haukuonekana. Dresa alituletea kofia yake nilipokuwa na miaka saba, tukaizika badala ya mtu. Sasa mama amezeeka, magoti yamekwisha, na mwaka jana baada ya ibada aliniketisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea.

"Nataka mnizike pale ubavuni kwake," alisema. "Lakini kabla hamjanilaza, nenda kwa Dresa ukamuulize kama kofia ile ni ya baba yako kweli. Sitaki kulala na mtu nisiyemjua."

Nitafika kwenye jibu. Kwanza nimweleze mtu mwenyewe, maana jibu lake bila yeye litaonekana ukatili mtupu, na Dresa hakuwa mkatili. Sijui alizaliwa wapi wala wazazi wake walikuwa akina nani. Hakupenda kuulizwa, nami sikumuuliza.

Mimi nina duka la dawa Kashai. Karibu kila asubuhi Dresa alishuka pale na bodaboda, dereva akiwa amechoka kuambiwa apunguze mwendo, akakaa kwenye benchi la wateja na kuanza kunifukuzia wateja. Akija kijana anataka vidonge vinne vya antibiotiki kwa sababu tayari anajisikia nafuu, Dresa alimkatiza kabla sijafungua mdomo. "Nusu dozi ni kumlisha mdudu," alisema. "Chukua zote, au nenda kanywe maji." Wengine walicheka, wengine walihamia duka la jirani.

"Waitu, mzee wangu, unanimalizia biashara," nilimlalamikia siku moja.

"Wewe hujui biashara. Mgonjwa akipona atarudi na mwingine. Akifa, harudi na mtu."

Soda hakunywa. Kahawa ya kutafuna aliipokea kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka, lakini alinawa kwanza, hata kama alikuwa amenawa dakika tano zilizopita. Alinawa kabla ya kula ndizi, baada ya kushika noti, na kabla ya kumsalimia mtoto mchanga. Alikuwa na kipande chake cha sabuni ndani ya kopo la marashi, hakikukosekana mfukoni. Mimi nilimtania kwamba siku ya mwisho atamwomba Mungu maji kabla ya kumpa mkono. Hakucheka. Alisema itategemea Mungu ametoka kushika nini.

Mke wake, Mama Dresa, alikuwa mtu wa maneno machache na makali. Aliwahi kuniambia, "Niliolewa na dresa, nikajikuta naishi kambini." Alimwomba mumewe azihamishie kofia stoo. Dresa aliwaza siku mbili, kisha akahamisha makochi. Tangu hapo wageni walikaribishwa barazani, na sebule ikabaki na meza, kiti kimoja na zile kofia. Mama Dresa alipofariki, mzee aliwapokea waombolezaji kwa uso mkavu kabisa, akawaelekeza vijana namna ya kushusha jeneza bila kuligonga. Watu walinong'ona kwamba hana moyo. Lakini mwezi huo huo nilimkuta sebuleni analia, kofia moja imo mapajani, na kiganjani ana meno matatu ya kitana aliyoyakuta yamenasa chini ya ukanda wa ngozi wa ndani.

"Huyu alichana nywele," aliniambia. "Siku hiyo alichana nywele."

Aliingiaje katika jambo hili? Alinieleza kwa vipande, kila kipande kwa siku yake, nami nimeviunga mwenyewe. Wakati wa vita alikuwa kijana kwenye hema la majeruhi upande wetu wa mto Kagera. Majeruhi akiletwa, cha kwanza ni kumvua kofia, maana huwezi kutibu kichwa usichokiona. Kofia zilibaki nje ya mlango wa hema, kila moja pale mwenyewe alipoingizwa. Mvua ilinyesha zikajaa maji, na kila asubuhi Dresa aliyamwaga na kuzirudisha pale pale. Kwa siku nne au tano alijua ipi ni ya nani. Aliyetoka mzima kidogo aliondoka kwa lori la hospitali bila kofia. Aliyetoka amefunikwa aliondoka bila kofia pia.

Siku moja kazi ilitulia, na fujo ile mlangoni ikamkera. Akazikusanya zote, akazisugua kwa majivu, akazipanga kwa ukubwa, ndogo ndani ya kubwa, kama sufuria za dukani.

"Walikuwa wanakufa ndani," alisema, "na mimi niko nje nafanya usafi. Majina mengine yalikuwa yameandikwa kwa mkaa tu. Nilisugua mpaka yakatoka. Ofisa alipita akanisifu."

Hilo alilieleza kwa sauti ile ile aliyoelezea dozi. Lakini mimi naamini ishirini na tatu zile ukutani, na miaka yote ile ya kuzunguka, vilitoka kwenye asubuhi hiyo moja ya usafi.

Jeshi liliposonga mbele kuvuka mto, kofia zilibaki, na vita vilipokwisha zikaingia vijijini zikawa vyombo. Watu walichotea mchanga, walikorogea saruji, walikaangia karanga, walinyweshea kuku. Dresa alinunua mabeseni ya plastiki, akayafunga nyuma ya baiskeli, akapita nyumba kwa nyumba akibadilishana beseni kwa kofia. Wengi walifurahi, maana beseni halina kutu. Bibi mmoja wa Izimbya alikataa katakata, akisema kuku wake wamezoea kunywa humo na hawezi kuwaanzishia ugeni uzeeni. Dresa alirudi kwake mara sita. Mara ya sita alikuta bibi amefariki na kuku wameliwa matangani, akapewa kofia bure. Hiyo aliipenda kuliko zote, sijui kwa nini.

Mwenyekiti wa mtaa naye alikuja na barua, akasema vifaa vya jeshi havikai kwa raia. Dresa alimkaribisha ndani, akamzungusha ukuta mzima.

"Chukua, Mwenyekiti. Ila uchukue na kazi ya kuwatafuta wenyewe. Huyu ni wa Kamachumu, dada yake yupo. Huyu bado. Huyu mama yake ni kipofu, ukifika useme kwa sauti usimshtue."

Mwenyekiti alikunja barua akasema atarudi. Hakurudi.

Tatu kati ya zile zilikuwa za askari wa upande wa pili, na alizitundika mstari mmoja na za kwetu. Majirani ambao nyumba zao zilichomwa wakati wa vita hawakupenda. Dresa aliwajibu maneno matatu tu, "Naye huyu alinyonya," na hakuongeza. Moja aliijua ni ya nani baada ya kuuliza miaka mingi, akavuka nayo mpaka wa Mutukula ameifunga kwenye kitenge cha mkewe. Baba wa askari yule alikuwa bado hai. Aliitazama kofia, hakuigusa.

"Alituibia sisi kabla hajawaibia ninyi," mzee yule alisema. "Irudishe ulikoitoa."

Dresa alirudi nayo mapajani njia nzima, akaitundika, na plasta yenye jina hakuibandua. Nilimwambia safari imekuwa ya bure. Akasema mwenyewe amepatikana, kutakiwa ni jambo jingine.

Sasa nieleze namna yake ya kufanya kazi, kwa sababu ndiyo iliyonitia sumu. Miaka kama minne iliyopita aliniomba nimsindikize Izimbya kwa mjane mmoja, Mkatoliki, mkulima wa kahawa. Mumewe alikuwa amefia vitani, na Dresa alikuwa na kofia aliyodhani ni yake. Mama yule alitukaribisha kwa Kihaya, kwa heshima zote, "Nyegera waitu, nyegera," akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu. Dresa aliweka mfuko wake katikati ya miguu, hakuufungua.

"Mama, nieleze habari za mumeo," alisema.

"Nieleze nini, Baba? Ni zamani mno."

"Chochote. Kichwa chake kilikuwaje?"

Mama alicheka. "Kikubwa. Siku ya harusi tulitafuta kofia Bukoba nzima, tukakosa. Akafunga ndoa kichwa wazi."

"Na mikono yake? Alikuwa mtu wa kufunga vitu vipi?"

"Mafundo mawili. Kila kitu mafundo mawili, hata mbuzi. Nilikuwa nakata kamba kwa kisu."

Waliendelea hivyo saa nzima. Mwisho Dresa alishukuru, akasimama, mfuko haujafunguliwa. Mama yule aliutazama mfuko, kisha akamtazama yeye.

"Baba, hamkuja na kitu?"

"Tulikuja kukusikiliza, Mama."

Tulipofika barabarani nilimgombeza. Nilimwambia amemtonesha mama wa watu kidonda kisha akamwacha hivi hivi. Angemwonyesha tu, pengine angeitambua.

"Ni ndogo," alisema, "na ukanda wake una fundo moja. Si yake."

"Lakini ungemwonyesha."

"Wewe husikii. Mwanamke aliyengoja miaka arobaini ukitangulia kumwonyesha, ataiona tu. Hata nikimtolea sufuria atakiona kichwa cha mumewe. Kwanza wao waseme, ndipo mimi nifungue. Sijapata kutangulia kufungua, mahali popote."

Nilipanda bodaboda nyuma yake, tukarudi mjini. Kwetu alitangulia kufungua.

Naikumbuka siku ile vizuri kuliko siku yoyote ya utoto wangu. Nilikuwa nimekaa chini nabambua maharage. Dresa, wakati huo akifanya kazi zahanati ya jirani na kwetu, aliingia na mfuko, hakuketi, akautoa mzigo akauweka mezani, na chuma kikalia kwenye mbao. Mama alitoka jikoni, mikono ina maji. Dresa akasema, "Mama, ni ya mumeo." Mama aliishika, akainusa kwa ndani, kisha akaanguka chini. Hakuna aliyemuuliza kichwa cha baba kilikuwaje. Hakuna aliyemuuliza mafundo.

Lazima mjue hali yetu ilivyokuwa. Baba zangu wadogo wawili walikuwa wameeneza kwamba kaka yao hakufa, ametoroka jeshini. Mtoro hazikwi, na mtu asiyezikwa hawezi kurithiwa. Hapakuwa na kaburi, kwa hiyo hapakuwa na mrithi, kwa hiyo kibanja, shamba letu la migomba, kilikuwa cha yeyote mwenye nguvu, na mama alikuwa mgeni tu anayekula ndizi za watu. Wiki moja kabla ya siku ile mmoja wao alimpiga na mpini wa jembe akamchana juu ya jicho. Aliyemshona alikuwa Dresa.

Baada ya kofia kuja, maneno yalikoma. Wazee wa ukoo walikuja, kofia ikavingirishwa lubugo, lile gome la mti tunalowavisha wafu wetu tangu zamani, ikalazwa katika kaburi la urefu wa mtu mzima. Mwinjilisti aliomba. Mimi nilikalishwa kwenye kigoda kirefu cha ukoo nikatangazwa mrithi, miguu haigusi chini. Baba zangu wadogo walipiga magoti kama desturi inavyowataka, na mmoja wao aliniangalia kwa macho ambayo bado nayaona.

Kwa hiyo baada ya Izimbya nilinyamaza miaka mitatu. Nisingizie nini? Nilinyamaza kwa sababu kibanja ni changu kwa kofia ile, na kama ilikuwa ya mtu mwingine, au sufuria tu kama alivyosema mwenyewe, sikutaka kujua. Dresa aliendelea kuja dukani, nami niliendelea kumpa kahawa. Isingekuwa mama, ningemzika na siri yake na kumshukuru.

Nilikwenda Kibeta siku ya Jumamosi, adhuhuri. Dresa hakuja dukani tena siku hizo, miguu ilikuwa imevimba. Mpwa wake alikuwa amemwekea kitanda sebuleni, chini ya kofia, kwa sababu alikataa chumbani. Alikuwa anakunywa uji kwa kijiko. Nilimsaidia kunawa, nikamkaushia mikono, nikakaa kwenye kile kiti kimoja. Kisha nikasema bila kuzunguka.

"Mama ameniagiza. Anauliza kama ile kofia ni ya baba kweli."

Aliweka kijiko.

"Kwa nini asadiki halafu asisadiki?"

"Sijui. Anataka kuzikwa pale. Na mimi nina langu. Uliniambia hujapata kutangulia kufungua. Kwetu ulitangulia."

Nilidhani atakana, na nilikuwa tayari kumsamehe akikana.

"Mtu huuliza habari za asiyemjua," alisema. "Baba yako nilimjua. Kofia ni yake. Alinipa mwenyewe, mkononi."

"Akiwa anakufa?"

"Akiwa amesimama."

Alinieleza yote, taratibu, akipumzika katikati. Baba aliletwa hemani na jeraha la mkono, si kubwa. Siku ya tatu alivua kofia akampa Dresa, akamwambia harudi kule mbele, ameona ya kutosha, atashuka ziwani akajifiche visiwani kwa wavuvi. Alimwomba akifika Muleba awaambie watu wake kwamba amekufa, kwa sababu mtoro akijulikana hata mkewe atasumbuliwa. Dresa aliificha kofia, hakuiweka mlangoni na nyingine. Lakini kusema uongo ule alishindwa, miaka saba alishindwa, mpaka siku aliyomshona mama.

"Niliona akimaliza kupona watampiga tena," alisema. "Nikaichukua nikaja. Nilikuwa na haraka. Kweli sikuketi."

Nilimuuliza kama ndiyo yote. Natamani nisingeuliza.

"Alirudi," Dresa alisema. "Mwaka uliofuata. Alifika kwenu mpaka kwenye ua wa migomba, akaona msalaba una jina lake. Akaja kwangu zahanati. Akaniuliza nani amelala pale kwake. Nikamwambia, wewe. Alitaka kucheka, akashindwa."

"Ukafanyaje?"

"Nikamrudisha. Nilimwambia akitokea, mkewe ataitwa mwongo, watasema alizika chuma apate shamba. Wewe utashushwa kwenye kigoda. Yeye atafungwa, na mimi pia nitafungwa. Hilo la mwisho nilikuwa naliogopa, sikufichi. Akanisikiliza. Akaondoka."

"Aliuliza habari zangu?"

"Alikuja na viatu vyako. Vya ngozi, vya kamba, rangi ya kahawia. Alikisia saizi. Nilikuwa nakuona ukipita pekupeku kwenda shule, nikajua vitakuenea."

Aliendelea, akiitazama mikono yake.

"Nilishindwa kukupa. Mama yako angeuliza vimetoka wapi. Nikaviweka kabatini kwenye bandeji mpaka miguu yako ikavipita. Kisha nikampa mtoto mmoja."

"Nani?"

"Simkumbuki."

Mtu huyu alijua jina la dada wa askari wa Kamachumu na upofu wa mama wa mwingine. Alijua ni yupi alichana nywele. Nilimkasirikia pale kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa baba zangu wadogo, na wao walimwaga damu ya mama yangu. Kumzika baba angali hai ningeweza kulimeza, maana niliona lilikotoka. Viatu sikuweza. Nilimuuliza kama baba bado yuko hai.

"Sijui," alisema. "Huyo sikumtafuta."

Nilisimama. Nilitaka kutoka bila kuaga, na sijivunii. Aliniita kwa jina langu la utotoni, akaomba nimsogezee bakuli la uji, na mimi nilimsogezea, kwa sababu mkono wake haukufika. Alipokufa wiki tatu baadaye nilichimba kaburi na vijana wengine, na nilipoulizwa kama nitasema neno, nilisema sina sauti.

Jumamosi ile, kutoka Kibeta nilikwenda moja kwa moja Muleba. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na msalaba, anachambua kahawa, kama afanyavyo jua likiwa si kali. Hakunisalimu. Aliuliza tu.

"Amesemaje?"

"Kofia ni yake, Mama. Amesema ni yake kabisa, alimjua."

Nilidhani nimepona, maana hilo lilikuwa kweli. Mama aliacha mikono juu ya kahawa.

"Basi alimkuta," alisema. "Miaka yote hii nimeogopa kumuuliza. Alimkuta amelala vipi?"

Niliangalia migomba. Ningeweza kumwambia wakati ule, na pengine mahali fulani visiwani kuna mzee aliyestahili mama aujue ukweli wake. Mama alikuwa ananingoja na uso wote.

"Ubavu," nilisema. "Kama mtu aliyesinzia."

"Ubavu gani?"

"Wa kulia."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, akaanza tena kuchambua kahawa.

"Eee," alisema. "Ndivyo alivyokuwa akilala."